Jino la Jilfidan

Maisha ya Sayyida Salme ni mepesi mno kusimulia, na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja, binti wa Sultani Said bin Sultan. Alijifunza kuandika kwa siri, wakati mabinti walifundishwa kusoma tu. Alipendana na mfanyabiashara wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete, akapata mimba, na mwaka 1866 akatoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko akabatizwa, akaitwa Emily, akaolewa, kisha akahamia Hamburg. Mwaka 1870 mumewe alifariki baada ya ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi. Yeye mwenyewe alifia Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg pamoja na mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja.

Ukiisimulia hivi, hadithi inafanana na ya Elisabeth, malikia wa Austria aliyeishi zama zilezile na ambaye filamu za maisha yake haziishi kutengenezwa. Jumba la kifalme, uzuri, mapenzi, misiba, kutangatanga. Hadithi za aina hii zinapendwa kwa sababu hazitudai kitu zaidi ya huruma. Lakini Elisabeth aliyafungia mashairi yake kwenye kasha, akaagiza lisifunguliwe hadi mwaka 1950. Salme alichapisha maneno yake angali hai. Kumbukumbu zake zilitoka Berlin mwaka 1886, kwa Kijerumani, lugha aliyojifunza ukubwani. Anayeandika kitabu anastahili zaidi ya huruma. Anastahili kusomwa na kuulizwa maswali.

Kwa sehemu kubwa, kitabu kinajibu vizuri. Salme aliwachoka Wazungu waliokaa wiki chache Mashariki, kisha wakarudi kwao kuandika juu ya nyumba za wanawake ambazo hawakuwahi kuingia. Yeye alizaliwa humo. Anaeleza chakula, mavazi, uzazi, wivu wa masuria, watoto wakiandika kwenye mfupa wa bega la ngamia uliopaushwa. Hafichi kwamba mwaka 1859, akiwa binti wa miaka 15 hivi, alikuwa karani wa njama ya kaka yake Barghash dhidi ya kaka yao mwingine, Majid, aliyekuwa akitawala. Kalamu aliyojifunza kwa siri ilianza kazi kwenye siasa.

Kurasa zinazouma kuliko zote zinamhusu mama yake. Jilfidan alikuwa binti wa mkulima wa Circassia, kule Kaukazi. Vita vilipowafikia, familia ilijificha, ikagunduliwa, na wazazi wakauawa. Watoto watatu walipakiwa juu ya farasi na wapanda farasi watatu. Kaka mkubwa alitokomea mapema na mtekaji wake. Jilfidan na mdogo wake wa kike, mtoto wa miaka mitatu aliyekuwa akimlilia mama, walikwenda pamoja hadi jioni, kisha nao wakatenganishwa. Jilfidan hakuwasikia tena maisha yake yote. Alifika kwa Sultani Said akiwa na miaka saba au minane. Salme anajuaje? Kwa sababu jino la kwanza la mama yake lilitokea kung'okea nyumbani mwao.

Hakuna hoja ya kisiasa inayoishinda nguvu habari hiyo ya jino. Mtoto ambaye hajamaliza meno ya utoto ameuzwa, amevushwa bahari, na atakuja kuwa suria wa mwenye nyumba. Salme anaiandika kwa upole wa mtu aliyeisikia mara nyingi, pengine usiku.

Sasa geuza kurasa hadi sura ya utumwa. Mwandishi ni yuleyule, ila sauti si ileile. Anatwambia utumwa wa Mashariki usifananishwe na wa Marekani, kwamba watumwa kwa jumla walitendewa vyema, kwamba Mwafrika hapendi kazi na lazima asukumwe. Anakiri kwamba mateso makubwa yalikuwa safarini, kutoka bara hadi pwani, kwa njaa, kiu na uchovu. Lakini hapohapo anamtetea mwenye msafara: mali yake imo humo, ataiharibuje kwa makusudi?

Mimi nasoma mistari hiyo nikiwa Nkuhungu, Dodoma, na kwetu neno "bara" si la mbali. Njia ya kati ya misafara ilipita Mpwapwa, ikavuka nyika kavu ya Marenga Mkali, ikaingia Ugogo, ambako watemi walitoza hongo kabla ya kuruhusu wageni kupita na kuteka maji. Tusitie chumvi. Wengi waliopita huku walikuwa wapagazi huru wenye pembe za ndovu mabegani, na watumwa wengi wa Unguja walitokea upande wa Kilwa. Lakini watumwa walipita huku pia, na watoto walikuwamo. Nao walikuwa na meno ya utoto. Yaling'okea wapi? Kwa njia hii ya kwetu, kitabu kina mistari michache tu kuhusu kiu, na utetezi wa tajiri.

Wapo watakaosema tusimhukumu mtu wa karne ya 19 kwa kipimo cha leo. Sawa. Kipimo ninachotumia ni chake mwenyewe, kimo katika kurasa za Jilfidan. Alijua vizuri kabisa maana ya mtoto kunyakuliwa, na aliweza kuifanya iwaume wasomaji wa Berlin. Maarifa hayo yaliishia kwa mama aliyempenda. Hayakuwafikia watu waliochuma karafuu za mashamba yaliyokuwa yakimlisha.

Inasikitisha zaidi kwa kuwa yeye naye aligeuzwa bidhaa. Mwaka 1885 serikali ya Bismarck ilimrudisha Unguja kwa meli, madai yake ya urithi yakitumika kumbana Barghash, aliyekuwa sasa Sultani na aliyepinga Wajerumani kujitwalia ardhi ya bara. Barghash alipokubali, thamani ya dada yake ikaisha, akarudi Ulaya bila haki aliyoifuata. Dola hiyohiyo ndiyo iliyokuja kujenga reli katika ardhi ya Wagogo.

Kwa hiyo tumsome Salme, na vyuo vimfundishe, kwani hatuna mashahidi wengi wa nyumba ile wanaoandika kwa usahihi kama wake. Ila sura ya Jilfidan na sura ya utumwa zifundishwe katika kipindi kimoja, moja ikiisha nyingine ianze. Mtoto wa miaka mitatu anayemlilia mama juu ya farasi na mtoto anayevuka Marenga Mkali kwa miguu wana kilio kimoja. Salme alikisikia cha kwanza hadi akatusikilizisha na sisi. Cha pili tukisikilize wenyewe, maana kilipita kwetu.