Badili Jambo Moja, Mengine Yaache

Mwaka 2003 kampuni ya Big Finish ya Uingereza ilitoa michezo sita ya kusikiliza kwa jina la Doctor Who Unbound. Doctor Who ni tamthilia ya BBC iliyoanza Novemba 1963, ya Daktari, msafiri anayekatiza zama na sayari, ambaye kila akikaribia kufa huzaliwa upya akiwa na sura na sauti nyingine. Michezo hiyo sita iliacha njia kuu ya hadithi ikauliza: ingekuwaje kama? Wa pili, Sympathy for the Devil wa Jonathan Clements, naona ndio uliosukwa kwa ustadi kuliko yote.

Katika runinga, Daktari alikwama duniani akawa mshauri wa sayansi wa kikosi cha UNIT, bega kwa bega na Brigedia Lethbridge-Stewart. Clements amebadili jambo moja tu: amemchelewesha. Daktari wake anatua Hong Kong mwaka 1997, wakati Waingereza wanaikabidhi kwa China. Miaka yote aliyotakiwa kuwepo, hakuwepo. Brigedia tunamkuta ni mstaafu anayeendesha baa.

Ufundi uko hapo kwenye baa. Anayeigiza ni Nicholas Courtney yuleyule aliyeanza kumcheza Brigedia mwaka 1968, wakati Daktari amepewa sauti mpya, ya David Warner. Mchezo wa kusikiliza hauna picha ya kuonyesha kwamba historia imepinda. Una sauti tu, na Clements anaitumia hiyo: sauti inayofahamika kwa miaka 35 inasikika mahali isipostahili kuwa, ikihudumia wateja. Msikilizaji anajumlisha mwenyewe, bila msimulizi kumshika mkono.

Afrika Mashariki hatuna mfululizo wa kubuni sayansi wenye umri huo, lakini kazi ya dunia mbili tumeifanya, tena nje ya studio. Julai 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha Twende na Wakati, nusu saa, mara mbili kwa wiki, kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Ulikuwa mchezo wa nchi nzima, pamoja na mkoa wa Mbeya ambao enzi hizo ulikuwa na Tunduma na Ivuna ndani yake. Mtambo wa Dodoma peke yake haukuurusha. Saa za mchezo huo, mtambo huo ulirusha vipindi vya hapohapo. Ikawa hivyo hadi 1995, kwa makusudi. Watafiti, akiwemo Everett Rogers wa Marekani, walipata Tanzania mbili za kulinganisha: yenye Mkwaju, mhusika wa mchezo huo, na isiyo na Mkwaju. Kila mwaka walihoji kaya zipatazo 2,750, na wakafuatilia wateja wapya wa uzazi wa mpango katika vituo 79 vya afya. Kulikosikika mchezo, matumizi yalipanda. Dodoma yalibaki palepale.

Dunia hizo hazikuwa pacha. Dodoma haifanani na Mbeya, na wakati huohuo kulikuwa na mchezo mwingine wa redio, Zinduka!, uliogusa mambo hayohayo. Kinachonifanya niamini ni kilichofuata: Dodoma ilipoanza kuupata mchezo mwaka 1995, nako matumizi yakapanda. Badiliko lilikuwa lilelile moja, ila limechelewa kufika, kama Daktari wa Hong Kong.

Ndani ya mchezo wenyewe kanuni ilikuwa ya Miguel Sabido wa Mexico: weka anayepotoka, weka anayefanya vema, halafu weka anayeyumba katikati. Mkwaju ni dereva wa lori, mlevi, mwenye wanawake kila anakopita. Fundi Mitindo na Mama Waridi ni wanandoa wanaopanga uzazi wao. Tunu, mke wa Mkwaju, ndiye wa katikati, na kwangu ndiye nguzo ya mchezo. Anaanza na Mkwaju nyumba moja, shida moja. Kisha anamwacha, anajishughulisha na biashara ndogo, anasimama. Mkwaju anaugua UKIMWI na kufa. Ni maisha mawili yaliyotoka mlango mmoja.

Aliyewahi kuona malori yamejipanga Tunduma yakisubiri forodha ya kuingia Nakonde, Zambia, hahitaji kuelezwa kwa nini dereva. Mchezo wa saa moja na ushee, kama wa Clements, hauna budi kuruka kutoka sababu hadi matokeo. Twende na Wakati ulikuwa na miaka: virusi vilikaa kimya ndani ya Mkwaju kama vinavyokaa kwa mtu wa kweli, na msikilizaji akaishi na kosa muda mrefu kabla ya kuona lilikompeleka. Clements, kwa ustadi wake wote, hakuwa na nafasi hiyo.

Nataka mtu wa Songwe, mkoa ambao sasa una Tunduma na Ivuna, aandike mchezo wa dunia ya pili, na badiliko la kutumia liko Ivuna. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka karibu na kijiji hicho. Kilichookotwa hakikufika hata kilo moja. Sifa zote hubebwa na kile cha Mbozi, pande la chuma la kupigia picha, lakini wanasayansi wanakililia cha Ivuna. Ni cha kundi adimu sana, ambalo herufi ya jina lake imetoka Ivuna, na muundo wake, ukiondoa gesi, unakaribia ule wa Jua. Mchanga ambao chombo cha Japani, Hayabusa2, kiliuleta kutoka sayari ndogo ya Ryugu mwezi Desemba 2020 ulikutwa ni wa kundi hilo.

Sasa kiangushe ndani ya Ziwa Rukwa. Mawe ya aina hii ni laini na huharibika upesi yakipata maji, kwa hiyo hakuna wa kukiokota. Mengine yote yaache: maji ya chumvi ya Ivuna yanachemka chunguni kama yalivyochemka karne nyingi kabla ya hapo, lori linapita, redio inasema. Usiweke msimulizi. Mpeleke msikilizaji maabara ya Japani, mtafiti afungue kopo la Ryugu, na aseme vumbi hili linafanana na la Orgueil, kimondo cha Ufaransa cha mwaka 1864. Anayetoka Songwe atakuwa anasubiri jina jingine. Mwigizaji asilitie mkazo hilo la Orgueil. Alitaje kama jina analolitaja kila siku, aendelee na kazi.