Matofali ya Broager

Kiwanda cha matofali cha Petersen Tegl kipo Broager, kusini mwa Denmaki, ukingoni mwa ghuba ya Nybøl Nor. Kilianza mwaka 1791, na hadi leo kimo mikononi mwa ukoo uleule. Mahali hapo palikuwa na kila sababu ya kuwa na tanuru. Barafu kuu ya zama za kale ilipoyeyuka iliacha udongo laini wa mfinyanzi uliojaa chokaa, ambao ukichomwa hutoa tofali la manjano; nayo ghuba ilikuwa njia ya kusafirishia mzigo huo mzito kwa mashua.

Mwaka 1864 majeshi ya Prusia yalilitwaa eneo hilo baada ya mapigano ya Dybbøl, jirani kabisa na Broager. Likawa chini ya Ujerumani hadi wananchi walipopiga kura na kulirudisha Denmaki mwaka 1920. Bendera zikapishana, ukoo ukabaki na udongo wake.

Sifa kubwa ya kiwanda hiki ni kumsikiliza mjenzi. Peter Zumthor, msanifu majengo wa Uswisi, alipopewa kazi ya makumbusho ya Kolumba mjini Köln, alitakiwa kujenga juu ya magofu ya kanisa lililobomolewa kwa mabomu katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Alihitaji tofali ambalo halikuwapo sokoni: refu, jembamba, la rangi iliyopoa, litakaloungana na mawe ya kale bila kuyatia aibu. Broager wakalifyatua. Urefu wake ni sentimita 53 hivi, na kimo chake hakifiki sentimita 4. Makumbusho yakafunguliwa mwaka 2007.

Kulifyatua tofali la namna hiyo kwa mkono kwataka fundi hasa. Donge hubwagwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya mbao, likashindiliwa hadi pembeni, kisha udongo uliozidi ukakwanguliwa. Likiwa bado bichi, wembamba wake huliponza: likishikwa vibaya hupinda, likikauka upande mmoja kabla ya mwingine hujikunja. Mikunjo ya donge hubaki usoni mwake, kila tofali na yake, na hata baada ya kuiva mtu akilipapasa huihisi.

Kisha moto. Broager walishikilia kwa muda mrefu uchomaji wa makaa ya mawe, ambao haugawi joto sawasawa. Tofali lililolambwa na moto huiva likawa jeusi, lililojificha nyuma yake hubaki na weupe wa manjano. Moshi wa makaa una madhara, na hilo halifai kufichwa. Lakini uzuri wa mchanganyiko huo wa rangi haujapata mrithi wa kweli. Wajenzi wengi wa leo hutaka matofali yasiyotofautiana hata chembe, au vipande vyembamba vya kubandika juu ya zege. Tofali lililobeba kuta kwa karne nyingi limefanywa pambo, na anayeliagiza hajui udongo wake umechimbwa wapi.

Zamani pwani ya Flensburg Fjord, ghuba kubwa ya eneo hilo, ilikuwa na matanuru kwa makumi. Karibu yote yamezimika. Kiwanda cha Cathrinesminde, papo hapo Broager, kilifungwa mwaka 1968, na sasa ni makumbusho.