Mizani ya Mgongoni

Baba alikuwa mtu wa Pangani, na mpaka leo najiuliza nani aliona inafaa kumtoa mtu Pangani akafundishe chini ya Mlima Hanang. Ilikuwa miaka ile ya baada ya Azimio la Musoma la 1974, kila mtoto anatakiwa darasani na walimu wanatawanywa kama mbegu. Manyara ilikuwa haijazaliwa. Mpaka 2002 huko kote kulikuwa Mkoa wa Arusha. Alifika na mke, watoto watatu, sanduku la bati na kanzu mbili, ambazo kwa baridi ya Juni ya huko ziligeuka nguo za kulalia, tena chini ya mablanketi.

Nyumba ya mwalimu ilikuwa na bati juu, udongo chini, na maji hakuna. Maji yalikuwa bondeni, mwendo wa saa moja kwenda na saa moja na nusu kurudi, kwa sababu kurudi ni kupanda. Shule nyingi za wakati ule zilikuwa na jibu lake: wanafunzi wanapokuja asubuhi, dumu la mwalimu lije nao. Mama alikataa. Alisema mtoto wa mwenzio hakuzaliwa awe bomba lako. Baba alinung'unika siku mbili, ya tatu akauza baiskeli, akanunua punda jike wa kijivu. Tulimwita Mkaguzi, maana siku aliyofika alikwenda kusimama kwenye mlango wa darasa la nne, akatazama ndani kwa muda mrefu, asitie neno, akaondoka.

Tulidhani shida imekwisha. Asubuhi yake Mama alimfunga Mkaguzi kama mtu afungavyo furushi la kuhamia: madumu mawili huku, mawili kule, kamba ya nailoni mizunguko mitatu tumboni. Tulipoanza kupanda, mzigo ukarudi nyuma, ukainama, ukaishia tumboni. Mkaguzi akasimama. Hakurusha teke wala hakukimbia. Alisimama kama nguzo ya simu, nasi tukamsukuma, tukampigia kelele, kaka yangu akachukua fimbo. Si ndivyo tulivyolelewa? Punda haendi ila kwa kigongo.

Bibi mmoja wa Kibarbaig alikuwa akipita na punda wake wanne, amevaa ngozi, bangili za shaba zimejaa mkononi. Alimtoa kaka ile fimbo taratibu, akaitupa majanini. "Mama Mwalimu," akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "punda hana kosa. Kosa la kamba. Nani amefunga kamba?"

Tangu siku hiyo Mama akawa mwanafunzi. Sisi tulimwita yule bibi Bibi wa Bondeni, na nimewahi kukaa mbele ya walimu wengi tangu hapo, wenye vyeti na wenye shahada, lakini sijaona aliyefundisha kwa maneno machache kama yeye.

Somo la kwanza lilikuwa la kiganja. Kabla ya kamba, kabla ya gunia, unamkaribia punda begani, si nyuma, unasema naye, unapitisha kiganja mgongoni kuanzia mabegani hadi kiunoni. Unatafuta joto. Kidonda cha mgongo huanza kama joto kabla ya nywele kunyonyoka, na mwenye kiganja kizuri hukijua kabla hakijazaliwa. Siku ya joto, mzigo haupandi. Hata kama unga umekwisha.

La pili lilikuwa matandiko, na hapa ndipo penye akili yote. Sisi tulitandika gunia moja katikati ya mgongo, tukajiona wema. Bibi alilitoa. Akashona magunia mawili membamba, akayajaza majani makavu hadi yakawa kama mito mirefu, akayalaza moja kila upande wa uti wa mgongo, katikati akaacha mfereji. Uti wa mgongo usiguswe na kitu. Uzito ulale juu ya mbavu. Ukitia mkono kwenye ule mfereji wakati punda amebeba, upepo upite. Baba, aliyekuwa akitazama kutoka dirishani na kalamu nyekundu mkononi, alisema kwao Pangani kuna neno shogi, mifuko ya ukili inayoning'inia pande mbili za punda. Alilisema neno kwa fahari. Bibi akamuuliza kama anajua kuishona. Hakujua.

Kisha kamba. Nailoni hukata ngozi. Katani ni afadhali. Bora zaidi ni mikanda ya ngozi au ya mpira wa tairi, mipana. Mmoja unapita tumboni, usikaze hadi punda ashindwe kupumua, wala usilegee. Mmoja unapita kifuani, kwa ajili ya kupanda, ili mzigo usirudi nyuma. Mmoja unapita nyuma ya mapaja, kwa ajili ya kuteremka, na huo wengi huusahau au huupitisha chini ya mkia, ukamchana mnyama kila hatua. Kwa hiyo ukitaka kujua mtu ametoka nchi ya milima au ya tambarare, tazama mikanda ya punda wake. Madumu yajazwe hadi shingoni na kuzibwa kwa gunzi la mahindi, maana dumu la nusu lina maji yanayokwenda na kurudi, na punda huyasikia kama mtu wa pili anayemvuta. Mwisho, mzigo hupandishwa na watu wawili, kila mmoja upande wake, kwa pumzi moja. Na hushushwa vivyo hivyo. Ukitangulia wewe, mwenzako akachelewa, punda ndiye anayelipa tofauti.

Mama alikuwa na hesabu za sokoni tu, lakini alianza kupima. Dumu la lita ishirini ni kilo ishirini; manne ni themanini. Punda wa kwetu ana kama kilo mia moja na thelathini. Wataalamu wa mifugo husema theluthi ya uzito wake inatosha, yaani madumu mawili na kidogo. Bibi wa Bondeni hakuwa amesoma popote, na yake yalikuwa mawili. Manne alimpa dume mmoja tu, tena kwenye tambarare.

Mwaka wa pili Mkaguzi akawa na mimba. Punda hubeba mimba karibu mwaka mzima, jambo ambalo Mama alilipokea kama habari ya msiba. Bibi alipoona tumbo limeshuka, akasema basi, asibebe tena. Ndipo kijiji kilipomwona mwalimu, mwanamume, mtu wa kanzu, anapanda kutoka bondeni alfajiri na dumu kichwani juu ya ngata ya khanga. Walicheka hadi mjini Katesh. Wanafunzi walipojitolea kumpokea aliwakatalia, akaingia darasani shingo imekakamaa, akafundisha sehemu na desimali bila kugeuza kichwa. Naamini ndiyo wiki aliyoanza kumheshimu Mkaguzi. Usiku, fisi wakilia kule mlimani, alikuwa akiamka kumwingiza jikoni. Wazee wa Kiiraqw waliosikia hawakushangaa. Zamani nyumba za Mbulu zilikuwa za watu na mifugo pamoja, na joto lilikuwa la wote.

Wakati huohuo Baba alipata gazeti la zamani lenye habari ya mbwa wa theluji, akaisimulia darasa la tano. Januari 1925, mji wa Nome huko Alaska ulipatwa na dondakoo, na dawa ikafikishwa kwa sleji za mbwa: waendeshaji ishirini na mbwa kama 150, wakipokezana zaidi ya kilomita elfu moja kwa siku tano na nusu. Mbwa aliyeingia nayo mjini, Balto, akachongewa sanamu New York mwaka huohuo, ingawa kipande kirefu na kibaya zaidi kilikuwa cha mbwa mwingine, Togo. Watoto walitaka kujua theluji ni nini, wakaiacha haraka. Msichana mmoja wa Kibarbaig akauliza nani alikuwa akizitazama nyayo za wale mbwa. Baba akalitazama gazeti, halikusema. Nimesoma baadaye kwamba waendeshaji wazuri hukagua nyayo za kila mbwa kila wanaposimama na huwavisha viatu vya kitambaa. Yule msichana alikuwa ameuliza swali la fundi kwa fundi.

Kiswahili kimemdhulumu punda. Shukrani yake mateke, mwendo wake kigongo, na mtoto asiyeelewa hesabu huitwa kwa jina lake. Lakini punda akiogopa hakimbii ovyo kama farasi; husimama akafikiri, nasi tukaita kufikiri huko ubishi. Na ni mwenyeji. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2022 unasema alifugwa mara moja tu, kama miaka 7,000 iliyopita, hapa mashariki mwa Afrika. Dunia nzima ilimpata kwetu.

Halafu dunia ikarudi kumchukua ngozi. Ngozi ya punda huchemshwa China kupata gundi ya dawa iitwayo ejiao, na kwa miaka kadhaa punda wa Tanzania waliingia machinjioni kwa maelfu. Serikali ilipiga marufuku 2022, na Umoja wa Afrika ukafuata Februari 2024. Katika mabishano yote niliyoyasoma kuhusu marufuku ile, punda alikuwa bei, ngozi au idadi. Sikuona mahali palipotajwa kiganja.

Mwaka jana nilipita njia ya Basotu. Mlima uko palepale, ule ulioteremsha tope juu ya Katesh Desemba 3, 2023, na sasa maji mengi hupanda kwa bodaboda, madumu matano kwa safari. Kisimani nilimkuta binti wa miaka kumi na miwili hivi na punda mmoja. Matandiko yalikuwa mito miwili, na mfereji katikati. Alinisalimu shikamoo, akanitazama viatu, akaniomba nimsaidie dumu la upande wa pili. Nilijua kazi hii. Nilishika mpini, nikahesabu moja, mbili, nikanyanyua.

Punda akapiga hatua pembeni. Binti hakucheka, alikuwa na adabu.

"Mjomba," akasema, "tushushe kwanza. Tuanze tena."