ThinkPad T60 ya Shilingi Elfu Hamsini: Usiku wa Kwanza

Imewaka! Naanza hapo hapo, maana kuzunguka siwezi. Saa saba na dakika kumi na tatu usiku, juu ya meza ya chakula iliyotapakaa visosi vya kahawa vyenye skrubu, kioo cha inchi 15 kimepiga mwanga wake wa unjanounjano, neno ThinkPad likajitokeza, nami nikaruka kama mtoto aliyeuona mwezi wa Idi. Nimekaa na mashine hii kwa siku moja isiyotimia. Sijalala. Naandika kwa kibodi yake yenyewe, na kama makala haya yanakimbia kuliko kawaida, kosa ni la kibodi.

Tuanzie asubuhi. Jumamosi, Kariakoo, uchochoro nisioutaja kwa sababu nitakazozieleza mwishoni. Kijana mwenye kimeza cha laptopu za mtumba ameshusha mzigo, zile za kijivu zilizo bapa kama sahani, zimepangwa mbele zikifutwa vumbi. Nyuma, chini ya maboksi, nikaona kona nyeusi. Kona ya pembe kali, bila pambo, kama sanduku la useremala. Moyo ukapiga. Nikageuza uso nikajidai naangalia flashi.

“Kaka, usihangaike na hiyo, ya zamani sana,” kijana akasema alipoona nainyemelea. “Chukua hii, i5, mali ya Dubai, haina hata mkwaruzo.”

“Hiyo nyeusi bei gani?”

“Nipe themanini.”

“Themanini? Hata diski haina!”

“Bosi, hiyo ni IBM!”

Alisema kweli, na ukweli wenyewe ni wa ajabu kidogo. Lenovo ya China ilikamilisha kuinunua idara ya kompyuta za IBM Mei 2005. T60 ikatoka mwanzoni mwa 2006, mikononi mwa mwenye mali mpya, ila mkataba ulimruhusu aendelee kulitumia jina la zamani kwa muda. Ndiyo maana juu ya kifuniko kuna zile herufi tatu za rangirangi. Ni kama duka lililouzwa lakini kibao cha mzee bado kinaning'inia mlangoni.

Nikaomba tuiwashe. Hapa ndipo mnunuzi wa vitu vya zamani anapookoka au anapoangamia, kwa hiyo nitasimama kidogo. Kwanza chaja. ThinkPad za safu ya T za kabla ya hii zilitumia volti 16. Kuanzia T60 ikawa volti 20, kichwa cha duara chenye sindano katikati, na kichwa hicho kikadumu mpaka kizazi cha T430 cha 2012. Maana yake ni kwamba chaja zake zimejaa mjini, kila meza ina mbili tatu. Pili, nywila. Ukiiwasha tu bonyeza F1 uingie kwenye BIOS. Ikikudai nywila ya msimamizi, irudishe ilikotoka na uage kwa adabu. Kuna watakaokuambia utoe kibetri cha saa ili isahau. Kwenye ThinkPad haisahau, nywila imehifadhiwa kwenye chipu yake ya pembeni. Hicho ndicho kimeo hasa, kinawaka vizuri na bado si chako.

Yangu ikanipigia kelele za makosa mawili, 161 na 163. Kijana akakunja uso. Mimi nilikuwa nacheka moyoni, kwani 161 ni kibetri cha saa kilichokufa na 163 ni tarehe iliyopotea kwa sababu hiyohiyo. Nikaingia ndani, hakuna nywila. Prosesa Core Duo T2400. Sawa.

Halafu nikaitazama ubavuni.

Vioo vingi vya miaka ile ukivitazama kwa pembeni rangi zinageuka, nyeusi inakuwa ya majivu, uso wa mtu unakuwa kama picha ya eksirei. Hiki hakikugeuka. Nikainama kushoto, nikasogea kulia, nikajidai nafunga kamba za kiatu nikakiangalia kutoka chini. Bado rangi ni zilezile! Kioo cha IPS, kile walichokiita FlexView, nukta 1400 kwa 1050, umbo la 4 kwa 3, la mraba mraba kama televisheni ya sebuleni kwa bibi. Wapenzi wa mashine hizi huko duniani wanakitafuta kwa tochi, na hapa kimelala chini ya maboksi ya chaja za simu. Nyamaza, nikajiambia. Usitabasamu. Kijana huyu anasoma nyuso kuliko mwalimu wa Kiswahili anavyosoma insha.

“Hiki kioo kina unjano,” nikasema kwa masikitiko.

“Sitini.”

“Na betri imekufa.”

“Hamsini, bei ya mwisho, na umeniua.”

Nikamuua. Chaja nikalipia elfu kumi na tano juu yake.

Mwenye akili angerudi nyumbani. Mimi nikashuka Gerezani kwenye vyuma chakavu, kwani T60 peke yake ni nusu ya uwindaji. Nusu ya pili ni kumtafuta maiti wa kumchangia viungo. Nikamkuta: R60, ndugu yake wa tumbo moja aliyekuwa akiuzwa bei nafuu zaidi enzi hizo, kioo kimepasuka, haiwaki, imetupwa kati ya rejeta na fremu ya baiskeli. Kumbe ndugu hawa wanagawana mengi: betri, kibodi, soketi ya prosesa. Chini palikuwa na kistika kinachoanza kufutika, Core 2 Duo.

“Shikamoo, mzee. Hii kompyuta unauzaje?”

“Marahaba. Sisi hatuuzi kompyuta, mwanangu. Tunauza kilo.”

Akaipandisha kwenye mizani. Tulipomaliza kubishana, kilo zake na usumbufu wangu vikatoka kwa elfu kumi na tano.

Sasa ndani! Jamani, ukitaka kujua kama mtengenezaji alikuheshimu, igeuze kompyuta yake uangalie tumbo. Huku chini, pembeni ya matundu ya skrubu, kuna vichoro vidogo vinavyokuonyesha ipi inashika kibodi na ipi inafungua njia ya RAM. Mtu fulani alikaa akafikiri kuhusu fundi! Hakuna gundi, hakuna klipu za kuvunja kwa kadi ya benki. Diski inatoka ubavuni, skrubu moja, kifuniko, vuta. Skrubu nne, sehemu ya kuwekea viganja inanyanyuka, na nafasi mbili za RAM zinakutazama. Hata kitabu cha mafundi chenye hatua zote za kuivua na kuivalisha kinapatikana bure. Leo unanunua laptopu ya milioni mbili ambayo RAM yake imechomelewa kwenye ubao, ukitaka kuiongeza ununue nyingine. Naomba nisiendelee, nitapandisha presha.

RAM yake ni DDR2, na DDR2 siku hizi hakuna anayeitaka. Mbili za GB 2 nimezitoa kwenye ndoo ya fundi mmoja kwa elfu tano kila moja. Tahadhari kabla hamjashangilia: ukiweka GB 4, zitakazotumika ni kama 3. Chipseti ya 945 haiwezi zaidi, hata umsomee dua. Niliweka hivyo hivyo, kwa heshima. SSD ya GB 120 ikaingia kwa elfu arobaini na tano. Mlango wake wa SATA ni wa kasi ya kwanza, 1.5 Gb/s, kwa hiyo usinunue ya ghali, itakuwa gari la mbio kwenye foleni ya Ubungo. SSD yenyewe ni nyembamba kuliko diski ya zamani, inachezacheza ndani. Nikaikunjia kipande cha boksi la dawa ya mswaki. Imekaa.

Kisha likaja suala la prosesa, na hapa usiku ukawa mrefu. T2400 ni ya biti 32, na programu nyingi mpya zimeshawaaga watu wa 32. Hata Debian, rafiki wa mashine kongwe, toleo la 13 la 2025 haliwekwi tena kwenye kompyuta za aina hiyo. Core 2 Duo ya R60 ni ya biti 64. Ila BIOS niliyoikuta ilikuwa ya mwanzo wa 2006, na Core 2 za laptopu zilitoka Julai mwaka huo. Haimjui mgeni. Lazima isasishwe kwanza. Ili isasishwe inataka CD, na inataka betri yenye chaji, vinginevyo programu inagoma hata kama umechomeka ukutani. CD tupu, karne hii! Nilizunguka steshenari tano. Ya sita ilikuwa na bibi mmoja aliyenifungulia droo ya chini kabisa, akapuliza vumbi, akadai elfu moja na kuniuliza kama nina harusi ya kurekodi.

Na betri? Ya R60! Iliyotoka kwenye vyuma chakavu, ikachomekwa kwenye T60, taa ya rangi ya chungwa ikawaka, baada ya saa moja imeshika asilimia 64. Nilikaribia kulia. BIOS ikasasishwa, ikajizima, ikawaka upya. Sijamaliza kushusha pumzi, umeme ukakatika mtaa mzima. Feni ya dari ikasimama, friji ikanyamaza, na T60 ikabaki inawaka kana kwamba haikusikia habari. Nikaelewa kwa nini programu ile ilining'ang'ania na betri. Nikabonyeza Fn na PgUp, na juu ya kioo kikawaka kitaa kidogo kinachomulika kibodi kwa chini, kama taa ya baiskeli ya mlinzi. Kitaa hicho ni kipande cha mapenzi, sina neno jingine.

Umeme uliporudi nikatoa feni, nikakwangua pesti iliyokauka kama udongo wa kichuguu, nikazungusha kufuli la soketi kwa bisibisi bapa, nusu duara tu, T2400 ikanyanyuka na T5600 ikakaa mahali pake. Mke wangu akapita kwenda kunywa maji.

“Ile ya zamani ilikuwa na kasi gani?”

“Gigahezi 1.83.”

“Na hii mpya?”

“Gigahezi 1.83.”

Akanitazama kwa muda, akamaliza maji yake, akaenda kulala. Nilitaka kumweleza habari ya biti 64. Mlango ulikuwa umeshafungwa.

Mtaniuliza inafanyaje kazi. Debian 12 yenye Xfce imejaa ndani, kutoka kubonyeza kitufe mpaka kuandika ni muda wa kukoroga sukari kwenye chai. Kuandika, barua, vitabu vya PDF, hesabu za duka, kurasa nyepesi: inapiga kazi bila kulalamika. Video za 720 zinapita, za 1080 zinakwama kama mtu mwenye kwikwi. Vichupo vya kivinjari, ukifika vinane, anza kuomba radhi. Nilijaribu kuweka kadi mpya ya Wi-Fi ndani, ikanitupia kosa 1802 na kugoma kuwaka: BIOS ina orodha ya kadi inazozikubali na yangu haimo. Nikairudisha ya zamani, nikachomeka kidude cha USB cha elfu kumi. Mashine inapita kilo mbili na nusu, begani utaijua. Mwanga wa kioo umechoka, taa zake za nyuma ni za mirija, si LED, na juani hutaona kitu.

Lakini kibodi! Ile yake ilikuwa na pengo la herufi, nikaihamishia ya R60, na sasa vidole vyangu vimeharibika, havitaki kingine. Safu saba, vitufe vyenye kibonde, vinazama kwa kina kisha vinakurudishia pumzi. Chini kuna mifereji ya kutoa maji nje ukimwaga kikombe, sijajaribu na sina mpango. Katikati kuna ile nukta nyekundu ya kusogezea kishale bila kunyanyua mkono, wazo la Ted Selker, likavishwa ndani ya umbo la Richard Sapper, Mjerumani aliyeichora ThinkPad kama kisanduku cha chakula cha Kijapani: nje cheusi kimya, ukifungua ndipo unakuta utamu. Mojawapo ya za kwanza, 700C, ilitoka 1992. Na umbo hili halijaachwa lizeeke peke yake. Huko China wapo wapenzi waliotengeneza ubao mpya kabisa wa kuingia kwenye ganda la X61, wakauita X62.

Hesabu basi, ukijumlisha na pesti ya elfu tatu: shilingi 149,000. Kwa hela hiyo ungepata simu ya kati inayoganda ukiipigia picha.

Nilisema nitaeleza kwa nini siutaji uchochoro. Nilipanga kurudi Jumatatu kimya kimya, nione kama chini ya maboksi kuna T60 yenye kioo cha 1600 kwa 1200. Muda huu, saa mbili asubuhi, simu imetoa mlio. Ni yule kijana. “Bosi, zile nyeusi zako zimeingia tatu. Nimecheki mtandaoni. Bei imebadilika.”