Ukimya wa Samehe: Amandina Lihamba, Mwigizaji na Mwalimu

Amandina Lihamba ni mzaliwa wa Morogoro, wa mwaka 1944, na jina lake limefungamana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikosomesha sanaa za maonyesho kwa miongo kadhaa. Hata hivyo, mwenye kutaka kuufahamu uigizaji wake hatokosea akianzia mbali na Mlimani, huko Buswelu, penye makao ya Manispaa ya Ilemela, nje kidogo ya katikati ya jiji la Mwanza. Kutoka Buswelu hadi Bujora, yaliko makumbusho ya Wasukuma, si mwendo wa kuchosha. Na katika mkoa huo huo, kwenye njia ya reli iendayo Tabora, kipo kijiji cha Malya. Baina ya Bujora na Malya ndipo lilipo jawabu la suala ambalo wahakiki wa filamu aghalabu hawaliulizi: mwanamke huyu alijifunza wapi kunyamaza mbele ya watu?

Bujora ni nyumba ya ngoma za Bulabo, zichezwazo mwezi wa Juni. Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vyenye uhasama wa vizazi, hucheza kwa wakati mmoja, na kwa desturi mshindi ni yule aliyewavuta watazamaji wengi zaidi. Mtazamaji aliyechoka haoni haya. Huinuka akahamia upande wa pili. Wenyeji wa pwani wanaokumbuka mashindano ya beni, au ushindani wa vikundi vya taarabu mjini Unguja, hawatoona ugeni hapo. Hadhira ya namna hii haibembelezwi kwa machozi ya haraka. Humsikiliza mchezaji kadiri naye anavyoisikiliza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Lihamba na wenzake wa Chuo Kikuu, Penina Muhando Mlama na Eberhard Chambulikazi, walikwenda Malya, wilayani Kwimba, kwa mradi wa sanaa za maonyesho kwa maendeleo. Hawakuchukua mchezo uliokwisha andikwa. Kazi ilianza kwa kuwauliza wanakijiji yanayowasumbua, na miongoni mwa yaliyojitokeza ni mimba za wasichana wa shule na vijana wasio na kazi. Walioigiza ni vijana wa hapo hapo; na mchezo ulipokwisha, mazungumzo ndiyo kwanza yalianza. Mlama ameieleza njia hii kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 1991 juu ya utamaduni na maendeleo. Njia yenyewe haikosi kasoro: wataalamu huja na huondoka, na kijiji hubaki na matatizo yake. Lakini kwa upande wa mwigizaji, Malya ilikuwa darasa lisilo mfano. Msomi wa mjini alilazimika kukaa chini, kutega sikio, na kumwachia mwenyeji jukwaa.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Katika nchi zilizotangulia kwa televisheni, mwigizaji huanza kwa kuonekana kila wiki sebuleni mwa watu, na umri ukisogea hugeukia ualimu. Zanzibar ilipata televisheni, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, na kwa muda wote huo iliridhika na redio na vichekesho vya Pwagu na Pwaguzi. Basi safari ya Lihamba ilikwenda kinyume. Alikuwa mwalimu kabla nchi yake haijawa na kioo cha kumwonyesha. Shahada yake ya uzamivu, aliyoipata Leeds mwaka 1985, ilihusu siasa na sanaa za maonyesho Tanzania baada ya Azimio la Arusha.

Filamu ya *Maangamizi*, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill na kutoka mwaka 2001, ndiyo inayoonyesha matunda ya darasa lile. Lihamba ni Samehe, mgonjwa katika hospitali ya akili, aliyefungwa ulimi na msiba wa utotoni. Daktari Asira, ambaye ni BarbaraO, anakuja kutoka Marekani na elimu yake. Na baina yao anasimama Maangamizi, mhenga anayeigizwa na Mwanajuma Ali Hassan. Mpenzi wa ushairi ayapime majina hayo: moja ni maafa, la pili ni kitenzi cha amri, na anayeamrishwa kusamehe ndiye aliyetendewa. Nafasi kama hii ni mtego. Mwigizaji asiye na maneno hushawishika kuyajaza macho, mikono na mabega kwa ishara tupu. Lihamba anaukwepa mtego huo. Ukimya wake ni wa mtu anayesikiliza. Tanzania ilipeleka filamu hii kuwania Oscar, ya kwanza kupelekwa na nchi hiyo, na ilipita miaka zaidi ya ishirini kabla *Vuta N'kuvute*, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, haijaifuata.

Kalamu yake haikuwa na subira hiyo sikuzote. *Harakati za Ukombozi* (1982), aliyoiandika pamoja na Mlama na Ndyanao Balisidya, ni mchezo wa zama zake, na mwalimu anasikika nyuma ya pazia. *Hawala ya Fedha* (1980), iliyotokana na kisa cha Sembene Ousmane, inasimama imara zaidi, kwani mtu mwenye fedha asizoweza kuzipokea hahitaji kufafanuliwa. Na *Mkutano wa Pili wa Ndege* (1992) una ujasiri wake tangu kwenye anwani: baada ya ndege wa Fariduddin Attar kuvuka mabonde yao yote, nani angethubutu kuwaita tena mkutanoni?

Mwaka 1996, yeye na Mlama waliasisi Tuseme, mpango wa kuwafanya wasichana wa sekondari wayaigize na kuyatamka yanayowakwaza. Mwaka 2007 alikuwa miongoni mwa wahariri wa mkusanyo mkubwa wa maandishi ya wanawake wa Afrika Mashariki, ambamo Mwana Kupona amepewa nafasi yake. Kote humo kazi ni ile ile ya Malya.

Lililokosekana ni daraja. Televisheni ilipofika Bara, ililea waigizaji wake yenyewe. Kundi la Kaole, lililoonekana ITV, lilitoa nyota wengi kwa mtindo wa sauti ya juu na kilio cha karibu, na mtindo huo ndio unaoigwa hadi leo na vijana wanaojifunza kwa kutazama, Buswelu kama kwengineko. Kipaji hakikuwa haba. Steven Kanumba, aliyepitia Kaole na kufariki mwaka 2012, alikuwa na uso ambao mwalimu wa aina ya Lihamba angeufundisha kutulia. Alizaliwa Shinyanga mwaka 1984, kwenye njia ile ile ya reli ipitayo Malya.