Granada si mji wa kwenda na kurudi

Ratiba ya wiki tatu nchini Hispania hupimwa kwa usiku wa kulala, si kwa wingi wa siku. Siku 21 ni usiku 20, na kila usiku una mji mmoja tu. Ratiba inayochambuliwa hapa, ambayo wafuatiliaji wa safari za Ulaya wameshaiona na baadhi wameshaanza kuinakili, imezigawa usiku hizo hivi: Madrid 5, Sevilla 7, Valencia 3, Barcelona 4, kisha Madrid tena 1 kabla ya ndege ya kurudi. Granada haikupata hata mmoja. Imewekwa siku ya 10, kutoka Sevilla asubuhi na kurudi Sevilla jioni, na hilo ni kosa ambalo mazuri mengine yote ya ratiba hayawezi kulifidia.

Mazuri yenyewe yapo. Msimu, nusu ya pili ya Mei, umechaguliwa vizuri: bonde la mto Guadalquivir, lenye Sevilla na Córdoba, hupita nyuzi 40 mara kwa mara Julai na Agosti, na ni mkoani Córdoba, mjini La Rambla, ilikopimwa rekodi ya nchi ya nyuzi 47.6 mwezi Agosti 2021. Madrid imepangwa kwa ustadi. Reina Sofía, inamotunzwa Guernica ya Picasso, haikuwekwa Jumanne ambayo ni siku yake ya kufunga. Prado imewekwa katika saa mbili za mwisho za jioni, ambazo kuingia ni bure. Toledo, mwendo wa nusu saa hivi kwa treni, imepewa siku nzima. Madrid hadi Sevilla, kilomita 471, ni saa mbili na nusu kwa AVE, kwenye reli iliyofungua zama za treni za kasi Hispania mwezi Aprili 1992.

Ugonjwa unaanzia Sevilla, na chanzo chake ni fundisho la kambi. Fundisho hilo linataka mji mmoja, hoteli moja, begi lisifungwe mara mbili, na miji ya jirani itembelewe kwa kwenda na kurudi. Ni mbinu halali pale mji wa jirani ulipo karibu na usipohitaji jioni. Toledo kutoka Madrid inafaa. Cádiz kutoka Sevilla inafaa. Lakini kwa miaka kadhaa sasa fundisho hili limegeuzwa sheria isiyohojiwa, na wanaolishika hawaulizi tena swali la msingi: kuhama hoteli kunachosha kuliko nini? Kufunga begi ni kazi ya nusu saa. Kukaa barabarani saa sita ni kazi ya siku nzima.

Hesabu ya siku ya 10 ni hii. Basi linaondoka Sevilla saa moja asubuhi na kufika stendi ya Granada saa nne, kwa kuwa njia ni ya kilomita 250 hivi na treni haiokoi muda wa maana. Kuingia Kasri za Wanasri, zilizo ndani ya Alhambra, ngome ya kifalme ya mji huo, kumepangwa saa tano na nusu. Basi la kurudi ni saa kumi na moja jioni. Zinabaki saa saba mjini. Zikitolewa saa moja ya kutoka stendi hadi kilima cha Sabika, ilipo Alhambra, na kurudi, saa tatu na nusu za Alhambra yenyewe na saa moja ya chakula cha mchana, kinachobaki ni saa moja na nusu, nayo hailiwi kwa utulivu kwa sababu ndiyo akiba ya kuwahi basi. Msafiri atakuwa amekaa ndani ya basi karibu mara mbili ya muda aliokaa ndani ya Alhambra, halafu atarudi Sevilla saa mbili usiku na kuhesabu kwamba ameiona Granada.

Ubaya zaidi uko kwenye namna Alhambra inavyoingiwa. Tiketi yake haifanani na ya makumbusho mengine. Bustani za Generalife na ngome ya Alcazaba zina muda mpana, lakini Kasri za Wanasri zina saa yake iliyochapishwa kwenye tiketi, na watu huingizwa kwa makundi ya nusu saa. Anayekosa nusu saa yake amezikosa kasri. Tiketi hutolewa kwa jina na pasipoti hukaguliwa. Idadi ya wageni wa kila siku ina kikomo, na katika msimu kama wa Mei tiketi huweza kuisha wiki nyingi kabla. Basi likikwama saa mbili kwenye barabara kuu ya A-92, hakuna wa kubadilisha saa hiyo, na hakuna kesho, kwa sababu kesho ratiba iko Cádiz. Kuweka jambo moja lisilosogezeka mwishoni mwa mwendo wa saa tatu ni kinyume cha kila kanuni ya upangaji. Kila jambo lisilosogezeka huwekwa karibu na kitanda. Aliyelala Granada huenda Alhambra kwa miguu au kwa basi dogo la mjini, na akichelewa kuamka bado ana nafasi ya kuwahi.

Hata saa tano na nusu yenyewe ni chaguo la mtu asiye na chaguo. Alhambra hufunguliwa saa mbili na nusu asubuhi. Kundi la kwanza la Kasri za Wanasri huukuta Uwanja wa Simba kabla ya mabasi ya watalii kupanda kutoka pwani ya Costa del Sol. Saa hizo za mwanzo ndizo zinazomfaa anayetaka kusoma kuta badala ya kupiga picha migongo ya watu. Na kuta zinasomeka: kauli ya ukoo wa Wanasri, kwamba hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu, imerudiwa kila upande, na msomaji yeyote aliyepita chuoni na kuzijua herufi za Kiarabu ataitambua baada ya dakika chache za kutulia. Kwenye ukingo wa chemchemi ya simba 12, iliyojengwa zama za Muhammad wa Tano, yamechongwa mashairi ya Ibn Zamrak. Mgeni wa saa tano na nusu hupita mbele ya maandishi hayo akisukumwa na kundi lililo nyuma yake.

Kisha kuna jioni. Hispania imefuata saa za Ulaya ya Kati tangu 1940, ingawa iko magharibi kiasi cha kustahili saa za London, na matokeo yake mwishoni mwa Mei jua la Granada huzama baada ya saa tatu usiku. Mji unaishi kwa saa hizo. Chakula cha mchana ni saa nane hadi saa kumi, maduka mengi madogo hufungwa alasiri, na mitaa hujaa tena jua linapolegea. Albaicín, mtaa wa kale ulio ng'ambo ya mto Darro ambao UNESCO iliuongeza kwenye urithi wa dunia mwaka 1994, ndiko Alhambra inakoonekana yote, na saa yake ni ile ya machweo, kuta zinapogeuka nyekundu na theluji ya Sierra Nevada ikiwa bado ipo nyuma yake. Hapohapo, jirani na uwanja wa San Nicolás, upo Msikiti Mkuu wa Granada uliofunguliwa 2003, na bustani yake iko wazi kwa wageni. Katika vilabu na migahawa ya mji huu anayeagiza kinywaji, hata soda, kwa kawaida huletewa kitafunwa bila malipo, desturi ambayo miji mingi ya Hispania imeiacha. Yote hayo ni mambo ya jioni. Basi la siku ya 10 litakuwa limeondoka zaidi ya saa nne kabla ya machweo.

Utetezi unaotolewa kwa uamuzi huu ni kwamba watu huenda Granada kwa ajili ya Alhambra tu, kwa hiyo siku moja inatosha. Utetezi huo haukubaliki. Hauendani na Alhambra, ambayo ilijengwa kutazamwa kutoka mjini na kuutazama mji, na hauendani na historia ya wasafiri wakubwa waliofika hapo. Washington Irving aliishi ndani ya Alhambra mwaka 1829. Richard Ford, ambaye kitabu chake cha mwongozo wa Hispania kilitoka London 1845, alikuwa na makazi Sevilla kama ratiba hii inavyotaka, lakini alipotaka Granada alihamia Alhambra na kukaa majira ya joto, 1831 na tena 1833. Hakwenda na kurudi.

Kwa wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki mfano ulio karibu zaidi ni Ibn Battuta. Mtu huyo aliyefika Mombasa na Kilwa mnamo 1331 ndiye aliyeingia Andalusia mnamo 1350 kwa njia ya Gibraltar, akapita Ronda, Marbella na Málaga hadi Granada. Kanuni yake ilikuwa kutopita njia moja mara mbili kwa kadiri alivyoweza, na hiyo peke yake inatosha kuihukumu siku ya 10. Sultani Yusuf wa Kwanza alikuwa mgonjwa na hakumpokea. Msafiri wa haraka angeondoka. Ibn Battuta alibaki, akaketi bustanini na wanazuoni wa mji, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwa kijana aitwaye Ibn Juzayy. Miaka michache baadaye, mjini Fez, Ibn Juzayy huyohuyo ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuyaandika masimulizi ya safari zote. Maelezo ya Kilwa na sultani wake yanayonukuliwa hadi leo katika vitabu vya historia ya Waswahili yamepita kwenye kalamu ya mtu aliyekutana naye Granada. Tofauti ya kukaa na kupita inaonekana hata ndani ya kitabu chenyewe: Mombasa, alikolala usiku mmoja, ina mistari michache, na Kilwa ina kurasa zake.

Marekebisho si magumu, na hayahitaji siku ya ziada. Madrid ibaki na usiku 5. Córdoba, iliyowekwa siku ya 8 kama safari ya kwenda na kurudi, ipewe usiku 1 njiani, kwa kuwa AVE ya Madrid hadi Sevilla inapita hapohapo. Anayelala Córdoba anaweza kuingia Mezquita, msikiti mkuu wa kale wa mji huo, mapema asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi, katika saa moja ambayo kwa kawaida haina malipo na haina makundi, na nguzo zaidi ya 850 za jengo hilo lililoanzishwa karne ya 8 huonekana zilivyokusudiwa. Sevilla inatosheka na usiku 4, pamoja na siku ya Cádiz. Granada ipewe 4. Kutoka hapo ipo treni ya kasi ya moja kwa moja hadi Barcelona, inayochukua zaidi ya saa sita; ni mwendo mrefu, lakini unakwenda mbele. Barcelona ipate 6.

Jumla ni 20, na Valencia imeachwa. Wapo watakaolalamika, kwa kuwa Valencia ni mji mzuri na ndiyo nyumbani kwa paella. Ila upangaji ni kuacha, na mji ulioingizwa kwa sababu tu uko kati ya miwili mingine hauwezi kuchukua usiku tatu huku Granada ikikosa hata mmoja.

Linabaki kosa la mwisho, la zamani na linalojirudia kila msimu: kurudi Madrid siku ya 20 ili kupanda ndege mji ulioingiliwa. Ni kilomita 621 za reli, nauli, hoteli ya usiku mmoja na zaidi ya nusu siku, kwa ajili ya kukamilisha mzunguko usio na faida. Mashirika ya ndege huuza tiketi moja ya kuingilia Madrid na kutokea Barcelona, mara nyingi kwa bei inayokaribiana na ya kwenda na kurudi. Masharti ya viza ya Schengen nayo hayamtaki msafiri atokee uwanja aliouingilia. Yanachotaka ni ombi lipelekwe kwa nchi atakayokaa zaidi, na hapa nchi ni moja. Wapangaji wa enzi ya kitabu chekundu cha Thomas Cook, kile cha nyakati za treni za Ulaya kilichoanza 1873 na kubeba jina hilo hadi 2013, walilijua hili bila kuambiwa, kwa sababu walisoma njia ukurasa kwa ukurasa na kuona inakoishia. Wa leo wanaanzia kwenye tiketi ya bei rahisi na kuulazimisha mji uifuate.

Wanaotaka kuinakili ratiba hii waanze na tiketi ya Alhambra kwa saa mbili na nusu asubuhi, waitafute kabla ya kulipia hoteli yoyote, kisha wapange usiku 20 kuizunguka.