Kabureta, Injekta na Sikio la Fundi

Mwaka 1970 Chevrolet iliuza Chevelle SS yenye injini ya LS6: silinda 8, ujazo wa lita 7.4, nguvu farasi 450 kwa hesabu ya kiwanda. Mafuta yote ya injini hiyo yalipitia kwenye kabureta moja tu, Holley yenye matundu manne, iliyoweza kumeza futi za ujazo 780 za hewa kwa dakika, karibu mita za ujazo 22. Haikuwa na kompyuta wala sensa. Ilikuwa na springi, boya, jeti za shaba na kanuni moja ya fizikia.

Magari ya namna hiyo, ya familia, ya ukubwa wa kati, yaliyopachikwa injini kubwa kupita kiasi, yalishika moto Marekani baada ya Pontiac kutoa GTO mwaka 1964. Leo anayelimiliki moja hukutana na mjadala usiokwisha: aendelee na kabureta, au aing'oe na kufunga injekta zinazoongozwa na kontrol boksi? Wengi hupima bei, wengine hupima nguvu. Mimi naona swali la kwanza ni la kazi yenyewe: nani ataiseti, na anaijua kiasi gani? Maana kabureta nyingi zinazong'olewa hazina kosa lolote. Zimekosa mtu wa kuziseti.

Ndani ya kabureta hewa hupita kwenye koo lililobanwa katikati. Ikibanwa huongeza mwendo, na mwendo ukipanda, kanieneo hushuka. Mafuta yaliyotulia kwenye bakuli pembeni yanaendelea kugandamizwa na hewa ya kawaida, kwa hiyo yanasukumwa kupitia kitundu cha jeti hadi kooni, kama soda inavyopanda kwenye mrija. Kama injini ingekwenda mwendo mmoja siku zote, jeti moja ingetosha. Lakini gari husimama kwenye taa, huondoka, hupanda mlima, hukanyagwa ghafla, huwashwa asubuhi yenye barafu, na kila hali inataka kipimo chake. Ndiyo maana Holley ina njia kadhaa za mafuta ndani ya mwili mmoja: ya sailensi (injini ikinguruma bila kukanyagwa), ya kuondokea, ya mwendo, ya kuongeza mafuta injini inapobeba mzigo, na pampu ndogo inayorusha mafuta mara tu dereva anapokanyaga. Kuseti kabureta ni kuzifanya njia hizo zipokezane bila dereva kuhisi ilipoishia moja na ilipoanzia nyingine.

Fundi anayeijua kazi haanzi kwa kuwasha injini. Huipindua kabureta juu ya benchi na kutazama vilango vya hewa vya mbele kwa upande wa chini. Kwenye ukuta wa kila tundu kuna ufa mwembamba uliosimama wima, na kilango kikifungwa, sehemu kubwa ya ufa huo hubaki juu yake. Hiyo ndiyo njia ya kuondokea: kadiri kilango kinavyofunguka, ndivyo ufa unavyofunuliwa na mafuta kutoka, mpaka njia kubwa ianze kazi. Fundi huzungusha skrubu ya sailensi hadi sehemu ya ufa inayoonekana chini ya kilango iwe mraba, urefu sawa na upana, karibu nusu milimita. Ikizidi hapo, mafuta yanatoka kwenye sailensi bila hesabu, skrubu za mchanganyiko zinakuwa pambo, na ufa unakuwa umeshatumika kabla gari halijaondoka, kwa hiyo dereva akikanyaga taratibu injini inakwama kidogo. Na kama injini ina kamshafti kali inayodai hewa zaidi ili isizime, fundi huyu hagusi tena skrubu ya mbele. Hufungua kidogo vilango vya nyuma, ambavyo skrubu yake imefichwa chini ya kabureta, mahali ambapo asiyejua hatafikiria kutazama. Nimekuwa nikiupenda mraba ule tangu nilipouelewa. Ukishafungwa kwenye injini hauonekani tena, na gari zima linautegemea.

Baada ya hapo huja kiwango cha mafuta. Bakuli la Holley lina kizibo kidogo ubavuni. Gari likiwa limesimama mahali tambarare na injini ikinguruma, fundi hukifungua kwa uangalifu, kitambaa mkononi. Mafuta yanatakiwa yafike ukingo wa chini wa tundu yakomee hapo, ila gari likitikiswa kidogo yachungulie. Kisha hufunga geji ya kupima mvuto wa hewa na kushika bisibisi. Skrubu za mchanganyiko huanza zikiwa zimefunguliwa mzunguko mmoja na nusu hivi. Huingiza moja taratibu mpaka injini ianze kulegea, huirudisha mpaka mshale wa geji upande na kutulia, kisha huhamia ya pili, halafu hurudia ya kwanza, kwa sababu kila moja huathiri nyingine. Geji inasaidia, lakini utaona mafundi wazoefu wameinamisha kichwa na hawaitazami sana. Wanasikiliza. Sailensi nzuri ya V8 ina mapigo sawa, bila silinda inayoruka zamu. Fundi wa bodaboda wa Mbeya au Nakuru anayezungusha skrubu ya kabureta huku ametega sikio anafanya kazi hiyohiyo, kwenye silinda moja badala ya nane.

Hata injekta si ngeni kwa magari ya Marekani. Corvette ya mwaka 1957 ilipatikana na mfumo wa Rochester Ramjet, injekta zisizotumia umeme, na injini yake ya inchi za ujazo 283 ikatangazwa kutoa nguvu farasi 283. Mwaka uliofuata Chrysler ilijaribu mfumo wa umeme wa Bendix ulioitwa Electrojector. Ulisumbua kiasi kwamba magari mengi yalirudishwa yakafungwa kabureta. Ramjet yenyewe iliachwa baada ya 1965, mwaka ambao Corvette yenye injekta ilikuwa na nguvu farasi 375 na ile ya injini kubwa yenye kabureta ilikuwa na 425, tena kwa nyongeza ndogo zaidi ya bei. Zama zile kabureta ilishinda kihalali. Hata mbio za NASCAR za daraja la juu ziliendelea nayo hadi msimu wa 2011.

Kilichobadilika ni elektroniki. Mifumo inayouzwa leo hukaa palepale ilipokuwa Holley, kwenye boliti zilezile nne. Sensa iliyopachikwa kwenye ekzosi hupima oksijeni iliyobaki kwenye moshi, na kontrol boksi hurekebisha mafuta papo hapo. Faida yake huonekana mlimani kuliko mahali pengine popote. Gari lililosetiwa Detroit, mita 200 hivi juu ya usawa wa bahari, likipelekwa Denver hukuta mita 1,600, na likiendelea magharibi hadi handaki la Eisenhower linafika karibu mita 3,400. Hewa imekuwa nyepesi, ila jeti ni zilezile, kwa hiyo mafuta yanazidi na moshi unakuwa mweusi. Fundi wa kabureta hupunguza jeti kwa namba moja hivi kila mita 600. Dereva aliye safarini hawezi kufungua bakuli kila anapopanda. Injekta hufanya hesabu hiyo bila kuombwa, na hapo naikubali bila ubishi. Naikubali pia kwenye joto: petroli ya Marekani siku hizi huchanganywa ethanoli, huchemka upesi, na kabureta iliyokaa juu ya injini iliyotoka kuzimwa hukataa kuwasha tena. Mafuta yaliyo chini ya shinikizo hayachemki kirahisi hivyo.

Ila wapo wanaonunua injekta ili wakwepe ufundi, na hao wanajidanganya. Kabureta inataka shinikizo la mafuta la psi 5 hadi 7. Mifumo mingi ya injekta inataka karibu 60. Pampu ya zamani haifai, mipira ya zamani haifai, na kwa kawaida lazima pawe na njia ya kurudisha mafuta tangini. Tangi la mwaka 1970 halina kuta za ndani za kuzuia mafuta yasikimbilie upande mmoja. Kwenye kona kali, tangi likiwa nusu, pampu hunyonya hewa. Kabureta ingestahimili, kwa sababu bakuli lake limejaa; injekta hukatika saa hiyohiyo. Halafu kuna umeme. Waya wa kontrol boksi ukipitishwa karibu na nyaya za plagi, kompyuta husoma kelele na kudhani ni habari. Ethi ikifungwa juu ya rangi badala ya chuma kitupu, gari litamisi na hakuna atakayejua sababu. Anayesafisha chuma kile mpaka king'ae, akapitisha nyaya mbali na distributa na kuzifunga zisicheze, ni fundi wa daraja moja na yule wa mraba wa nusu milimita. Naye kazi yake haionekani.

Kwa hiyo LS6 halisi ningeiachia Holley yake. Namba zilizochongwa juu ya kabureta, pamoja na alama ya tarehe ya kutengenezwa, ni sehemu ya gari kama zilivyo namba za injini, na wanunuzi huzisoma. Mwenye gari akisisitiza injekta, basi aifungue Holley nzima, aikaushe mafuta, aihifadhi pamoja na boliti zake. Lakini Chevelle ambayo injini yake ilishabadilishwa, inayopanda milima ya Colorado kila kiangazi na kusimama kwenye foleni juani, ningeifungia injekta, na fedha ya kwanza ningeipeleka kwenye tangi lenye kuta za ndani, ya pili kwenye mipira na pampu, kompyuta ije mwisho. Fedha isipotosha kwa vyote, tangi litangulie. Holley iliyosetiwa vizuri italitumia tangi hilo bila malalamiko hadi mengine yapatikane.